Nafasi ya Kisu

Kidole kimoja huvunja chawa. Hivyo ndivyo walivyoamini watu wa jarida lile la muziki wa vijana, na kama bibi yako alikufundisha vingine, ungeombwa uyaache mafundisho yake mlangoni ndipo uingie. Kwao uso mmoja ndio uuzao. Nyuso mbili hugombana, nyuso tatu ni picha ya harusi, na zikizidi hapo ni timu ya mpira. Mhariri alikuwa na hoja yake, na haikuwa ya kijinga. Pale vibandani jarida hubanwa katikati ya majarida mengine, likabaki linachungulia kwa upande mmoja kama jirani mmbea dirishani. Mpita njia huambulia jicho moja na nusu ya tabasamu. Ukimpa macho manne achague, anapita zake.

Taabu ni kwamba wanamuziki hawazaliwi mmoja mmoja kwa ajili ya kuwarahisishia kazi wahariri. Huja na wenzao. Zamani jarida liliwahi kumwita mwimbaji wa kundi fulani apigwe picha peke yake. Wenzake walipopata habari walivamia studio, wakavunja taa na urafiki kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo ukazuka utaratibu ambao haukuandikwa popote, lakini kila mfanyakazi aliujua kama anavyoijua njia ya msalani. Kundi lote huitwa. Kundi lote hupakwa poda, husifiwa, hupewa soda baridi. Kisha kila mtu husimamishwa juu ya alama yake ya utepe sakafuni, na kati ya anayetakiwa na wasiotakiwa huachwa upenyo mdogo, kiasi cha kiganja kupita. Upenyo huo waliuita nafasi ya kisu. Baadaye msanifu wa kurasa hukata hapohapo kwa kompyuta, akabakiza mmoja. Waliokatwa hawajui kwamba hawamo mpaka siku jarida linapoingia mitaani, na hapo tena hakuna taa karibu ya kuvunja.

Msanifu huyo walimwita Kinyozi. Mpiga picha walimwita Subiri, maana ndilo neno alilolitumia kuliko jina lake mwenyewe. Na msichana mwembamba aliyepanga picha, nani akae wapi, avae nini, atazame wapi, walimwita Pini. Yeye alidai ni kwa sababu ya pini alizozichomeka kwenye ukosi tayari kubana gauni la mtu. Wenzake walisema ni kwa sababu ya ulimi.

Asubuhi ya kikao, mezani palikuwa na picha za jukwaani za ndugu wawili wa tumbo moja, Besi na Filimbi. Wimbo wao kuhusu ufunguo uliopotea ulikuwa umeingia katika kila simu. Watoto waliuimba wakienda shule, na wazee walioulaani waliulaani kwa kufuata mapigo yake.

"Yupi kati yao?" Kinyozi aliuliza, kwa sauti ya muuza nyama anayetaka kujua ni paja au mbavu.

"Filimbi," mhariri alisema. "Meneja wao kanipigia. Kampuni ya kurekodi inamtaka yeye. Huyu mwingine..." Akatafuta neno lenye adabu, akalikosa. "Huyu mwingine ataitikia nyuma."

"Huyu mwingine ndiye anayetunga, bosi," Pini alisema.

"Najua. Utunzi hauonekani kwenye picha."

"Na sauti inaonekana?"

Subiri alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya.

Mhariri hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Ndiye aliyempokea Pini akiwa na stashahada mpya na viatu vikuukuu, na siku kiti kilipokosekana alimpa chake, yeye akafanya kazi kwa kusimama. Kila mwezi watu walilikalia jarida lile matanga, na kila mwezi mama huyu alilifufua kwa simu, kwa ahadi, kwa kubembeleza watu aliowazidi akili. Kampuni ya kurekodi ndiyo iliyokuwa ikinunua kurasa za matangazo. Ikinuna, ofisi nzima inanuna.

"Wenyewe wanajua?" Pini aliuliza.

"Wanajua wanakuja kupigwa picha. Inatosha. Nawe ukienda kwao kutazama nguo, ufunge mdomo kwa hizo pini zako."

"Nimekuelewa, bosi."

Kuelewa si kukubali, lakini hakuna aliyemuuliza kama amekubali.

Nyumba ya kina Besi ilikuwa chumba na sebule, na sebule yenyewe ilikuwa imemezwa na cherehani. Mama yao alikuwa mshonaji. Alikuwa amekata magauni mawili kutoka katika jora moja la kitambaa cha rangi ya machungwa, na vipande vilivyobaki vilitapakaa sakafuni mpaka mgeni akaogopa kukanyaga.

"Pita tu, mwanangu, hivyo havina roho," mama alisema akimvutia stuli. "Mtaa mzima nimeshauambia. Hata yule jirani asiyenisalimia nimemwambia, tena kwa sauti, ili asije akasema hakusikia."

Pembeni ya dirisha Besi alikuwa amekaa kwenye kiti, na Filimbi sakafuni kati ya magoti yake, anasukwa. Filimbi alikuwa mzuri wa kumfanya mtu asahau alilokuja kusema. Besi alikuwa na uso mpana, mabega ya mtu aliyebeba ndoo nyingi, na sauti nzito iliyotangulia kuingia chumbani kabla yake. Alikuwa ameuma fungu la nywele za kuongeza kwa meno, na hata hivyo alikuwa akiimba kupitia pembeni mwa mdomo. Mstari mmoja wa nywele, mstari mmoja wa wimbo. Filimbi aliurudia, akakosea neno, na papo hapo nywele zikavutwa.

"Aaah! Dada, utaning'oa kichwa!"

"Kichwa kipi? Kama kingekuwepo ungeshika maneno." Besi alitoa nywele mdomoni, akamgeukia Pini. "Usimwonee huruma, dada. Huyu hajui wimbo wowote bila maumivu. Nyimbo zetu zote kazijua hapa, kwa njia ya kisogo."

"Ndiyo maana nikifika kwenye kiitikio natoa machozi," Filimbi alisema. "Watu wanadhani namlilia mpenzi. Kumbe nakumbuka kitana!"

Mama alicheka mpaka mguu ukamtoka kwenye kanyagio la cherehani. Pini naye alicheka, akasimama, akawapima gauni, akabana kiuno cha hili na kuachia mabega ya lile. Alikuwa ameinama kwenye pindo la Besi mama alipomuuliza, polepole, kama mtu anayejaribu pasi kwa kidole kilicholowa mate.

"Mwanangu, watatoka wote wawili, eh? Maana huyo meneja wao, nikimuuliza hilo, anashikwa na kikohozi."

"Wote wawili watapigwa picha, mama," Pini alisema.

Alisema kweli. Lakini kuna kweli ambayo ni uongo uliooga ukavaa vizuri, na Pini alipoisikia ikitoka kinywani mwake alitamani kuimeza. Mama alishusha pumzi, akarudi kwenye cherehani yake akiguna wimbo.

Besi alilisema lake walipokuwa nje. Alikuwa anamsindikiza Pini barabarani, kwenye njia nyembamba iliyopita kati ya kuta za matofali na kamba za nguo, na alitembea taratibu akiinua shuka za watu ili mgeni apite.

"Dada, mimi si mtoto. Kioo tunacho nyumbani, na kinasema. Kama natakiwa kukaa pembeni, nitakaa. Mdogo wangu akipata, nimepata. Ila niambie mapema, nimwandae mama. Si umemsikia? Kamwambia hata asiyemsalimia."

Pini alijua la kusema. Mdomo ufungwe kwa pini. Angeweza kusema kwamba hajui, kwamba wenye kujua ni wakubwa. Alimtazama yule mtu mkubwa aliyeshika ncha ya shuka ya jirani kama pazia, asiyejiombea kitu, anayemwombea mamaye nafasi tu ya kujiandaa kuaibika.

"Hutakaa pembeni," alisema.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

Ahadi ni rahisi kuliko mate. Lakini mate hukauka, ahadi haikauki! Pini alirudi ofisini, akaketi na penseli, na kila alichochora, Kinyozi aliyekuwa kichwani mwake alikikata. Aliwachora bega kwa bega: kisu kikapita begani. Aliwachora mgongo kwa mgongo: hiyo ni kazi ya dakika, hata haihitaji miwani. Aliwachora wamekumbatiana, akafuta mwenyewe. Kinyozi alikuwa amewahi kumwondoa mume katika kumbatio la mkewe, akampa mke mkono mpya, na wasomaji wakaandika kusifu bangili zake. Mtu huyo angeweza kutenganisha chai na sukari.

Pini aliegemea kiti, akaanza kusokota kishungi cha nywele zake kama alivyozoea akikwama. Mkono ukasimama hapohapo kichwani. Akauangalia kwenye kioo cha dirisha: vidole vimezama ndani ya nywele, nywele zimepita kati ya vidole, na huwezi kusema wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Akachukua karatasi mpya.

Kesho yake aliupeleka mchoro kwa mhariri, kwa kuwa hakuna picha ya jalada iliyopigwa bila idhini yake. Alimkuta simu ikiwa begani, anabishana na watu wa kiwanda cha kuchapa. Mhariri aliutazama. Filimbi chini, mbele, uso mzima kwenye mwanga. Besi juu, nyuma, anamsuka.

"Nzuri hii. Ya kinyumbani," alisema akiziba simu kwa kiganja. "Na huyu wa nyuma hatusumbui, si ndiyo? Yuko juu kule."

"Mtazame mwenyewe, bosi."

Mhariri alitazama kama walivyotazama wote pale, kwa macho yaliyozoea watu kusimama safu moja. Aliyeko nyuma, kwa mazoea yao, alikuwa mtu wa kukatwa hata usingizini. Akatia alama ya kukubali, akarudi kwenye ugomvi wake. Pini alitoka na mchoro. Hakuwa amedanganya. Alikuwa ameliacha swali lipite kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Jioni aliwapigia simu wale ndugu. "Besi, fumua nywele za mdogo wako. Mje nazo wazi, na za kuongeza mje nazo mkononi. Na uje na wimbo ambao hajaujua."

"Mpya kabisa?"

"Mpya kabisa. Tena mgumu."

Siku ya picha studio ilikuwa ya moto kama jikoni. Taa zilikuwa zimewashwa, pazia la kijivu limeshushwa, na sakafuni, mahali palipozoea kuwa na alama mbili tatu za utepe, palikuwa na alama moja. Juu yake palikuwa na kiti, na mbele ya kiti mkeka.

"Subiri," alisema Subiri. Aliuzunguka mkeka, akachuchumaa, akafumba jicho moja. "Nafasi ya kisu iko wapi?"

Pini alikuwa anabana pindo la pazia, mdomo umejaa pini. Alizitoa moja moja, akazichomeka ukosini. "Haipo."

"Mchoro si umepita?"

"Umepita kama ulivyo."

Mpiga picha alisimama, akajinyoosha mgongo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto wanaokula sana, na si mtu wa kutafuta vita. Kutoka chumba cha kuvalia ilisikika sauti ya mama mshonaji akiwakemea binti zake wasikunje gauni. Alikuwa amekuja nao, na alikuwa amevaa viatu vya kwendea shughuli.

"Mdogo wangu, watakutoa roho," Subiri alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe utasema umekuta hivi."

"Nimekuta hivi, ndiyo. Mimi kazi yangu kupiga kilichokaa mbele yangu." Akageuza taa moja, ya pili, kisha, bila kuulizwa, akaisogeza ya tatu mpaka ikamfikia na yule atakayekaa juu. "Waite."

Walikaa. Mwanzoni walikuwa wagumu kama watu wa picha ya kitambulisho. Filimbi alitabasamu tabasamu lake la jukwaani, Besi akaingiza tumbo ndani na kusahau kupumua.

"Jamani, hapa hatupigi picha," Pini alisema. "Hapa mtu anasukwa. Besi, mfundishe huyo mtoto."

Besi aliuma fungu la nywele, akagawa, akashika. Vidole vilipoingia kazini, mabega yalishuka yenyewe. Akaanza wimbo, kwa pembeni mwa mdomo, na wimbo kweli ulikuwa mgumu, wenye kona kama ngazi za mnara. Filimbi aliufuata, akapotea kona ya kwanza. Nywele zikavutwa.

"Dada! Mbele za watu!"

"Watu ndio watanisaidia kukushika!"

Filimbi alicheka huku chozi likimtoka, kichwa kimerudi nyuma. Besi alicheka meno yakiwa bado yamebana nywele, ameinama mpaka shavu likakaribia paji la mdogo wake. Na fungu la nywele lilipita kutoka kichwa cha mmoja, katikati ya vidole, mpaka kwenye meno ya mwenzake, limekazwa kama uzi wa kinanda. Mama, nyuma ya taa, aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Subiri alipiga, akapiga, akapiga, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakumwambia mtu asubiri.

Kinyozi alizipokea picha akiwa anapiga mluzi. Mluzi ukakata. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akavaa miwani, akavua, akavaa. Alimwondoa Besi; vikabaki vidole kichwani mwa Filimbi, kama kaa waliokwama ufukweni. Akaondoa vidole, Filimbi akawa na upara wa madoa. Akampa nywele mpya. Nywele zikapanda hewani, zimekazwa na mtu asiyekuwepo, na uso wa yule binti ukawa unalia na kucheka bila sababu, kama mgonjwa.

"Naweza kumbandikia hata kilemba," alimwambia mhariri mwishowe, "lakini mtoto wa darasa la pili ataona. Humu hakuna pa kukata, bosi. Nimetafuta."

Mhariri alimwita Pini. Chumba chake kilikuwa kidogo, na mkonga wa simu ya mezani ulikuwa umelazwa pembeni, haujakatwa. Kuna mtu aliyekuwa akingoja upande wa pili. Picha ilikuwa wazi kwenye kompyuta. Kinyozi na Subiri walisimama mlangoni kama watu waliokuja kutoa pole.

"Kuna nyingine?" mhariri aliuliza.

"Zote ni hivyo, bosi."

"Kiwanda kinataka jalada leo. Unajua hilo?"

"Najua."

Mhariri aliitazama picha kwa muda. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa haipati mahali pa kukaa usoni mwake. "Ni picha nzuri," alisema. "Hilo ndilo linaloniudhi. Itakwenda. Sina nyingine, na hata ningekuwa nayo..." Hakumalizia. Akashika simu, akaziba kwa kiganja. "Sikiliza, mtoto. Huyu hapa ni meneja. Amevimba, na nyuma yake kuna kampuni imevimba zaidi. Nimemwambia mpanga picha wangu bado mchanga, kakosea vipimo. Sema hivyohivyo. Pole, nilikosea, basi. Ukishasema, wao watapoa, na mimi nitakuwa na cha kukutetea. Kiti chako nakitaka kibaki na wewe. Usiponisaidia, sina la kuwaambia."

Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuubeba kuliko tusi. Pini aliufikiria mwezi ujao bila kiti. Aliufikiria sana, maana hakuwa shujaa wa hadithi. Alikuwa mtu mwenye kodi na tumbo. Pole ni neno jepesi. Mtu hulisema hata kwa mpita njia aliyejikwaa.

Lakini kama picha ilikuwa kosa, basi kosa lenyewe lilikuwa na uso mpana na sauti nzito. Besi angekuwa yumo jaladani kwa bahati mbaya, kama kidole gumba kilichoziba lenzi, na meneja angelipeleka neno hilo kampuni, na kampuni ingelitunza. Toleo lijalo wangemwondoa wakisema wanasahihisha.

"Chukua simu," Kinyozi alinong'ona. "Neno moja tu, dada. Tupo hapa."

Mhariri alibonyeza kitufe, sauti ya meneja ikajaa chumba.

"Haya, naambiwa kuna mtu ana jambo la kuniambia."

"Ndiyo, kaka," Pini alisema. "Mimi ndiye niliyeipanga hiyo picha. Niliwapanga wawili kwa sababu ni wawili, na sikukosea kipimo hata kimoja."

"Nilifikiri unaniomba radhi."

"Siombi."